Kona za Bahasha katika Gari la Kulala

Mwezi uliopita nilipanda treni hapa Ifakara kwenda Uchindile kumtazama mjukuu wangu aliyejifungua. Mume wake, Mungu ambariki, alinikatia tiketi ya chumba chenye vitanda, eti bibi asije akaumia mgongo. Mhudumu wa behewa, kijana mwembamba mwenye macho mekundu ya usingizi, akaniamkia, akaleta shuka mbili na mto, akataka kunitandikia. Nikamwambia acha. Nikatandaza shuka ya kwanza, nikaivuta mpaka ikanyooka, nikakunja kona kama mtu anayefunga bahasha, nikaichomeka chini ya godoro, kisha kona ya pili, ya tatu, ya nne. Yule kijana akabaki ameshika mto kifuani.

"Bibi, kwani uliwahi kufanya kazi relini?"

"Siku moja," nikamjibu. "Nilikuwa na miaka tisa."

Alidhani namtania, akacheka akaenda zake. Lakini wewe, rafiki yangu, kwa kuwa una nafasi ya kukaa, ngoja nikusimulie, maana tangu siku ile kifua kinanijaa, siwezi kunyamaza.

Ifakara ya utoto wangu haikuwa na reli. Miaka ile ya hamsini tulikuwa na mto, tulikuwa na mpunga, tulikuwa na matope mpaka magotini, na malori mawili matatu yaliyokuja kiangazi kuchukua magunia. Ukitaka kuliona gari la moshi ulipanda lori mpaka Kilosa, na watu wengi wa rika la bibi yangu walikuwa hawajaliona kabisa. Lakini nyumba yetu ilikuwa na habari za gari la moshi kuliko nyumba zote za bondeni, kwa sababu mjomba wangu, mtoto pekee wa kiume wa bibi, alikuwa mhudumu wa gari la kulala. Daraja la kwanza, rafiki yangu! Lile lililokwenda Kigoma na kurudi Dar es Salaam, lenye mabwana wakubwa na wake zao ndani.

Mjomba alikuja likizo mara moja kwa mwaka, mavuno yakiwa yameanza. Sisi watoto tulikuwa tukishinda shambani kuamia ndege, tunapiga madebe na kupayuka mpaka sauti zinakauka, na tukiliona vumbi la lori kwa mbali tunaacha ndege wale wanavyotaka, tunakimbia barabarani. Anashuka na sanduku lake la bati, ndani kanzu nyeupe ya kazi na mkanda mwekundu wa kiunoni, vyote vimekunjwa kama vya padri. Bibi anapika wali wa mpunga mpya, ule ambao harufu yake inafika kwa jirani kabla hujaonja, na perege wa kukaanga. Mjomba anakula, ananawa, halafu analala siku mbili mfululizo. Haki ya Mungu, siku mbili! Bibi anafukuza kuku uani kwa kanga, anatunyooshea kidole tusipige kelele, kutwanga kote kunahamishiwa kwa jirani.

Akiamka ndipo sherehe inaanza. Tunamzunguka, anatupa habari. Kwamba chumba kina vitanda viwili, cha chini na cha juu, na mchana kile cha juu kinakunjwa ukutani hukioni. Kwamba kuta ni za mbao iliyosuguliwa hadi unajiona uso. Kwamba kuna beseni la kunawia linalotoka ukutani, na ukilirudisha maji yanakwenda yenyewe. Kwamba kuna taa ndogo ya buluu ya kulalia, pazia zito la kijani, na kengele. Mgeni anabonyeza akiwa amelala vilevile, na kule mwisho wa korido, kwenye kisanduku cha kioo, namba ya chumba chake inaanguka, tik! Mjomba alikuwa akiisema ile "tik" kwa ulimi, na sisi tunaruka.

Jirani yetu, mvuvi mmoja wa Kindamba aliyekuwa akitaniana na bibi kila siku iendayo kwa Mungu, alikuwa haamini hata neno moja. Anakaa kwenye kigoda, anasuka mgono wake, mtego wa kunasia kambare, anatikisa kichwa. "Shemeji," anamwambia bibi, "yaani mtu analala Dodoma anaamka Morogoro, kitanda kilekile? Na maji ukutani? Huyu mwanao moshi umemwingia kichwani." Watu wanacheka. Bibi hacheki. Bibi alizaliwa upande wa Mahenge, akavushwa mto pale Kivukoni kwa mtumbwi akiwa bibi harusi, na neno la kumgusa mwanawe alikuwa halimezi kirahisi.

Mjomba hakubishana. Alichofanya, alitufundisha kazi. Anatandika mkeka juu ya kitanda cha kamba, anachukua kanga mbili za bibi, na mmoja mmoja tunapewa zamu. "Kona kwanza, maneno baadaye," anasema. Anakunja, anachomeka, anavuta, kisha anatupa jiwe dogo katikati, na jiwe lisiporuka kidogo unatandua unaanza upya. Wenzangu walichoka siku ya kwanza. Mimi nilishikwa kama na ugonjwa. Nilitandika kitanda cha bibi, cha mama, cha jirani, nilitandika mpaka ngozi ya mbuzi iliyoanikwa uani, nikachapwa. Mjomba akasema, "Mpwa wangu huyu angekuwa mwanamume ningempeleka kwa bwana mkubwa kesho." Nilikasirika wiki nzima kwa kuwa msichana, na hasira ile ninayo mpaka leo kidogo.

Siku moja nikamwuliza, "Mjomba, wewe unalala kitanda cha juu au cha chini?"

Akacheka. "Mimi? Mimi natandika tu, mama. Nina kiti changu cha kukunja kule mwisho, chini ya kile kisanduku cha namba. Nikisinzia, tik."

"Siku ngapi?"

"Mpaka Kigoma na kurudi."

Bibi alikuwa akipepeta mchele pembeni. Ungo ukasimama hewani, kisha akaendelea.

Mwaka uliofuata likizo ilifika, mjomba hakuja. Ikaja barua, mvua za masika zikiwa ndiyo kwanza zinakatika, na mwalimu wetu akaja kuisoma uani, watu wamejaa. Mjomba alisema anahamishiwa kule juu, kipande cha Mwanza, mwezi ujao, hatapita tena Kilosa, na hajui likizo nyingine ataipata lini. Alisema kuna bwana mmoja wa mashamba ya mkonge ambaye hushuka Kilosa, na chumba chake hukaa kitupu mpaka Morogoro, ambako hupanda mgeni mwingine. Amezungumza na gadi, msimamizi wa treni, na gadi amekubali kwa sharti moja tu, kwamba wakifika Morogoro chumba kiwe tayari kama hakijaguswa. La sivyo, kazi hana. Basi mama yake aje Kilosa, akate tiketi ya daraja la tatu kama kawaida, naye atampitisha. Mwalimu akasafisha koo, akamalizia kwa sauti ya kanisani: "Mama, kabla sijaenda mbali nataka nikulaze katika gari la kulala."

Loo! Ungeniona. Nilikuwa nimeshasimama, nimeshaanza kucheza, maana barua ilisema pia nije mimi nimsindikize bibi. Lakini bibi alikuwa amejishika kichwa.

Sasa lazima nikueleze jambo. Kwetu, gari likianguka ubavu kwenye matope, tunasema limelala. Na juzi yake tu lori la mpunga lilikuwa limelala njia ya Mofu, magunia yote majini, watu wametolewa wakiwa na matope masikioni, mmoja mguu umevunjika. Bondeni kote hapakuwa na habari nyingine. Bibi akasikia mwanawe anataka kumpandisha gari la kulala.

"Sipandi," akasema. "Mwanangu nampenda, lakini gari la kulala sipandi. Nipandisheni gari la kusimama."

Mwalimu akamweleza. "Si gari linalolala, mama. Gari la watu kulala ndani yake."

"Na lile la Mofu, watu hawakulala ndani yake?"

Watu wakaangua kicheko, jirani yetu akaanguka kutoka kwenye kigoda, mgono huku yeye kule. "Shemeji kasema kweli! Miaka yote mwanawe anatuambia mwenyewe, gari la kulala, gari la kulala, hatusikii!" Bibi akaingia ndani akafunga mlango. Na mimi nikakaa chini palepale mavumbini nikalia kwa sauti, maana ningejua vipi kwamba gari lile litanifikia tena? Mwezi mmoja tu, kisha mjomba yuko Mwanza, na jirani atacheka mpaka tunakufa wote.

Nililia mpaka nikachoka, kisha nikapata akili. Kesho yake bibi alipokwenda kisimani nilikusanya watoto wote. Kitanda chake nikakitandika kanga mbili safi, kona nne za bahasha, nikatupa jiwe, likaruka. Ukutani nikaning'iniza kanga ya kijani kuwa pazia. Nikaweka bakuli la maji kwenye kigoda. Mtoto mmoja nikampa kifuniko cha sufuria na kijiko, awe kengele. Wanne nikawaweka kwenye miguu ya kitanda.

Bibi akarudi na mtungi wake. Nikamtua, nikapiga saluti kama askari, nikamwambia, "Karibu chumba namba nne, mama mkubwa." Akanitazama hivi. Nikamshika mkono nikamlaza. Watoto wakaanza kutikisa, tuku-tuku, tuku-tuku, taratibu, wengine wanapuliza moshi kwa midomo. Nikamwambia abonyeze ukuta. Akabonyeza. Kengele ikalia, nikaja mbio na bakuli, nikamnawisha.

"Na gari likilala?" akauliza.

"Gari halilali bibi, linatembea. Wewe ndiye unalala."

Akaendelea kutikiswa, macho kwenye makuti ya paa. Kisha akauliza swali ambalo nilikuja kulielewa baadaye sana. "Na yeye anakaa kule mwisho, siyo?"

"Kule mwisho, kwenye kiti."

"Basi tutakwenda, mke mwenzangu," akasema, "nikamwone."

Weee! Nilikimbia nyumba tatu kutangaza.

Tulipanda lori alfajiri, juu ya magunia, na wali umefungwa kwenye jani la mgomba na kambare mkavu kwenye kikapu. Milima ya Udzungwa mkono wa kushoto, nyani barabarani, bibi ameshika rozari na mkono mwingine ameshika sikio langu nisianguke. Kila lori lilipoinama kidogo alisema "Linalala hili!" na dereva anamjibu, "Halilali mama, lina macho." Tulifika Kilosa jioni tukiwa wekundu kama matofali, tukalala kwa Mkristo mmoja wa kwao Mahenge, na asubuhi tukawa stesheni kabla hata ya wachuuzi wa ndizi.

Nikuambie nini kuhusu lilivyoingia? Nilihisi ardhi kwanza, miguuni, halafu mlio, halafu moshi mweupe, na lile dude jeusi linatokwa jasho la mafuta. Bibi akapiga ishara ya msalaba. Mimi nilikuwa narukaruka nikipiga kelele ambazo hata sizijui. Na kule nyuma, mlangoni pa behewa lililong'aa, kanzu nyeupe, mkanda mwekundu: mjomba! Alimshusha bwana wa mkonge na masanduku yake, akainama kwa adabu, kisha akatuangalia kwa jicho moja tu tumfuate.

Rafiki yangu, kila kitu kilikuwa kweli. Mbao za kujiona uso. Pazia la kijani. Beseni lilitoka ukutani, maji yakaenda yenyewe, nikalitoa na kulirudisha mara saba mpaka bibi akanifinya. Mjomba alitandua shuka za yule bwana, akaleta mpya, ngumu kwa wanga hadi zinalia zikikunjuliwa, na bibi akasimama mlangoni akimwangalia anavyotandika. Aliitazama mikono yake. Halafu alimtazama usoni, na mimi nikatazama pia, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba mjomba amezeeka, macho mekundu, mashavu yameingia.

"Tayari, mama," akasema mjomba. "Lala sasa. Nimengoja siku hii miaka minane."

Bibi akakigusa kitanda, akabonyeza mara mbili kama anayechagua papai sokoni.

"Lala wewe," akasema.

"Mama!"

"Nani mkubwa hapa, wewe au mimi? Nimekuja kutoka Ifakara juu ya magunia. Vua viatu, lala."

"Mama, nina kazi. Gadi akiniona..."

"Kazi ipi? Kona? Mwenye kona huyu hapa." Akanisukuma mbele.

Alibisha, lakini mtu aliyekaa macho kutoka Kigoma habishi sana. Alikaa pembeni ya kitanda ili kumridhisha tu, bibi akamshika mabega akamlaza, akamfunika kwa kanga yake mwenyewe. Alisema, "Dakika tano tu, mama," na kabla hajamaliza neno mama alikuwa amelala mdomo wazi, kama mtoto wa shule. Bibi akakaa chini sakafuni, akaegemea kitanda, mkono juu ya kichwa chake. Niliuona uso wake. Sijawahi kumwona mtu ameshiba vile.

Ndipo niliposikia. Tik.

Nilitoka kwenda mwisho wa korido, kwenye kisanduku cha kioo. Namba mbili imeanguka. Nikarudi mbio. "Bibi, kengele! Tumwamshe!" Bibi akaweka kidole mdomoni. Akasimama, akaangaza kabatini, akachukua robota la shuka, akaliweka kichwani kama kuni, akaniambia, "Tangulia."

Moyo ulikuwa unanipiga mpaka kwenye meno. Tukikosea, mjomba hana kazi. Nikagonga, hodi, mlango ukafunguka, mama wa Kizungu mnene, kofia ya ukili kichwani, akatutazama: mtoto pekupeku, na nyuma yake bibi kizee na mzigo kichwani.

"Boi yuko wapi? Mimi nataka kitanda," akasema kwa Kiswahili chake.

Boi! Mtu wa miaka karibu arobaini. Bibi akavumilia, akaingia, akatua mzigo. Nikaanza. Kona kwanza, maneno baadaye. Gari linatikisika kweli, si watoto wanne, na shuka ngumu inanikimbia mikononi, lakini nilivuta, nikakunja, nikachomeka. Yule mama akainama, akaivuta kona kwa kidole. Haikutoka. Akavuta nyingine. Haikutoka.

"Na boi je?" akauliza tena.

"Mtoto wangu amelala," bibi akamjibu, hana wasiwasi. Hakusema uongo hata kidogo.

"Aah, mtoto!" Uso wa yule mama ukayeyuka. Akaweka viganja viwili shavuni, akanong'ona, "Lala, lala," akafungua mkoba, akanipa peremende mbili zenye karatasi nyekundu. "Moja wewe. Moja mtoto."

Tulirudi korido nzima tumeziba midomo kwa kanga, tunakufa kwa kicheko.

Alilala mpaka milima ya Morogoro ikajaa dirishani. Bibi akamsugua nyayo, akashtuka, "Kengele!", akagonga kichwa ukutani. Acha tu! Tulikuwa watatu kwenye kitanda kimoja: mjomba anatandua, mimi kona za miguuni, bibi anachapa mto. Breki zinalia, pazia linanyooshwa, na gari liliposimama nilitupa peremende katikati ya shuka. Ikaruka. Mgeni alikuwa tayari amesimama chini na sanduku lake.

Tuliagana kwenye ngazi za behewa. Hapo ndipo mjomba alipokumbuka, akatokwa na machozi mbele za watu. "Mama, umefika mpaka hapa na hujalala!" Nikampa peremende ya mtoto, nikamweleza ilikotoka, akalia na kucheka kwa pamoja. Akaenda nayo Dar es Salaam, na mwezi uliofuata Mwanza. Bibi hakumwona tena kwa miaka mitatu.

Tuliporudi Ifakara jirani alikuwa anatungoja barabarani, mgono wake begani. "Haya shemeji, tuambie. Gari lililala?"

"Gari halikulala," bibi akasema. "Aliyelala ni mwanangu."

Jirani alifungua mdomo atanie, akamtazama bibi usoni, akauchukua mzigo wake akambebea mpaka nyumbani.

Wote hao hawapo sasa. Bibi, mjomba, jirani mvuvi. Kivukoni pana daraja, na reli imepita hapahapa kwetu, mtoto wa Ifakara haoni ajabu treni ikipiga honi. Mbao zile za kujiona uso sijaziona tena popote, wala shuka za wanga zinazolia. Nimeulizia ile njia ya Kigoma mara nyingi, kila mtu ananiambia lake. Naukosa mlio ule, rafiki yangu. Naukosa mpaka nasikia uchungu.

Basi mwezi uliopita, treni imeshapita Mlimba, jua la mchana linawaka kwenye kioo, yule kijana mhudumu akapita tena, ameegemea ukuta anatembea huku amefumba macho. Akanikuta nimekaa kitini, kitanda kimenyooka vilevile.

"Bibi, mbona hulali? Umetandika vizuri hivyo."

"Lala wewe, mwanangu," nikamwambia. "Mimi nitasikiliza kengele."

Akatabasamu, mkono mlangoni. "Bibi, humu hakuna kengele."

"Basi ndiyo vizuri," nikamwambia. "Vua viatu."